Kitita Kutoka Nthamiri

Nkirote alikuwa ameketi safu ya mbele, hotuba ya familia mkobani, macho yake kwenye kitambaa cha kijani kilichofunika jiwe ukutani. Chini ya kitambaa hicho palikuwa na jina la baba yake. Alasiri ile kingevutwa, makofi yangepigwa, na chuo kingekuwa na Taasisi ya Profesa Kaimenyi. Mama yake, Celina, alikuwa amebaki nyumbani Kiirua kwa sababu ya magoti, lakini tangu asubuhi simu yake haikupoa.

"Hayo mengine ya wasemaji niachie huko huko Embu," alikuwa amesema. "Mimi nitumie picha ya jiwe."

Wasomi walikuwa wametoka Kampala, Dar es Salaam na ng'ambo. Kila aliyepanda jukwaani alilitaja jina moja: Nthamiri. Ni kijiji kilichoko juu ya Laare, kwenye milima ya Nyambene. Huko ndiko Kaimenyi, akiwa bado kijana mwenye shahada mpya, alipowashawishi wakulima wang'oe miraa, wapande kahawa, waunde ushirika na kugawana faida. Aliandika kitabu juu yao, na kitabu kikampandisha ngazi hadi Geneva. Tangu hapo kila mwanafunzi wa uchumi amekutana na Nthamiri kama Mkristo anavyokutana na Yeriko: bila kufika.

Aliyeongoza shughuli alikuwa Daktari Njagi, mwanafunzi wa mwisho wa marehemu, mtu wa Kibugu, mcheshi, mwenye tai nyekundu. Ndiye aliyetarajiwa kuiongoza taasisi. Alikuwa katikati ya kumkaribisha msemaji mwingine mlango wa nyuma ulipofunguliwa, wakaingia wazee watatu wenye makoti na kofia. Wa mbele alikuwa amebeba kitu kilichofungwa kwa majani ya mgomba.

"Jamani, tusimame!" Njagi alisema kwa furaha. "Wenyewe wa Nthamiri wamefika!"

Watu walisimama, wakapiga makofi. Mzee wa mbele, Riungu, alitembea polepole hadi mezani.

"Tumeileta kwa nyumba ya Kaimenyi," alisema kwa sauti ndogo.

Njagi alikipokea kitita kwa mikono miwili, akakiinua juu wapiga picha wakione. "Sisi Embu tumezoea kutafuna muguka, majani matupu kama mbuzi," alisema, na ukumbi ukacheka. "Leo tumeletewa miraa ya wenyewe. Asanteni sana, wazee wetu. Zawadi imepokelewa."

Nkirote alikitambua kitita. Ile haikuwa zawadi. Miraa ya kuuza hufungwa haraka na kuondoka kwa bodaboda kabla haijanyauka. Hii ilikuwa imechumwa kwenye miti mikongwe, ikapangwa kijiti kwa kijiti, ikafungwa kwa kamba ya mgomba. Watu wa Laare huiita ncoolo. Anayekwenda kuposa huibeba. Anayekwenda kuomba amani huibeba. Anayeipokea amekubali kusikiliza. Anayeifungua hana budi kujibu. Na ikiachwa ikauke bila kufunguliwa, hilo nalo ni jibu, na halisahauliki.

Njagi hakujua. Kwao Kibugu watu hupanda chai. Aliiweka ncoolo kando ya chupa za maji, akaendelea na ratiba. Wazee waliletewa viti. Walishukuru, lakini hawakuketi.

Nkirote angeweza kunyamaza. Aliliona hilo waziwazi. Kitambaa kingevutwa, picha ingefika Kiirua, na wazee wangerudi Laare na kitita chao kikiwa kimebaki mezani kama maua. Watu wachache sana ukumbini wangejua kwamba jambo fulani limetokea.

Ndipo alipomkumbuka baba yake mwaka ule wa mwisho. Kila geti lilipogonga aliinua kichwa kitandani. "Ni watu wa Laare?" Mama naye alimjibu, "Lala, baba Nkirote. Ni upepo." Nkirote alidhani mzee anawatamani tu marafiki wa zamani.

"Sasa tulisikie neno la familia," Njagi alitangaza.

Nkirote alipanda, akakipita kipaza sauti, akasimama mbele ya wazee na kuwasalimu.

"Muga, baba."

"Muga, mwanangu," Riungu aliitikia. "Wewe ni wa Kaimenyi?"

"Ni mimi Nkirote."

"Huna kaka?"

"Tulizaliwa wasichana watupu."

Mzee aliyekuwa nyuma aliguna. "Mwanamke hafungui ncoolo."

"Basi mpe yule aliyeipokea aifungue," Riungu alimjibu bila kugeuka. "Si umeona alivyoibeba, kama mtoto wa jirani aliyelowa."

Njagi aliwasogelea, tabasamu bado liko usoni. "Madam, kuna shida? Mgeni wetu wa kaunti anaondoka mapema."

"Daktari, hiyo uliyopokea ni kesi."

"Kesi gani?"

"Bado hatujaisikia. Lakini umeshakubali kuisikiliza, mbele ya watu wote hawa."

Njagi alicheka, kisha akaona kwamba hakuna mwingine aliyecheka. "Si tuisikilize kesho ofisini? Kwa chai, kwa heshima zote."

"Kesho itakuwa imekauka."

Nkirote alifungua kamba. Harufu mbichi ya majani ya mgomba ilipanda. Alikuwa amelelewa katika nyumba ya Wamethodisti ambako miraa haikupita mlangoni, lakini alichagua kijiti, akamenya ganda kwa meno, akatafuna. Kilikuwa kichungu.

"Semeni, baba."

Riungu alivua kofia. Hakutumia kipaza sauti, na ukumbi ulilazimika kunyamaza ili umsikie.

"Baba yako alikuja kwetu na kitita kama hiki. Tulifungua, tukamsikia, tukang'oa miti ya babu zetu. Kahawa ilizaa vizuri mwanzoni, na hapo ndipo alipoandika. Halafu bei ikaanguka, kiwanda kikafungwa, na yeye alikuwa ameshapanda ndege. Hilo tulilisamehe. Mvua nayo hudanganya, na mwaka unaofuata tunapanda tena. Miraa tumeirudisha, lakini ncoolo haikatwi kwenye mti mchanga. Hii hapa tumeiomba kwa majirani."

Aligeuka akamtazama Njagi.

"Mjukuu wangu, Kajuju, aliulizwa kwenye mtihani aeleze jinsi Nthamiri ilivyofanikiwa. Akaandika kwamba haikufanikiwa. Akakosa. Akaambiwa arudi akasome kitabu. Mtoto wa Nthamiri!"

Mtu mmoja alicheka nyuma ya ukumbi, akajizuia.

"Walipokuja watu wa maji, walituambia, 'Nyinyi mko kwenye kitabu, mmeendelea.' Bomba likaenda kwa wengine. Hatujaja kuomba shilingi. Tunaomba mtoe jina letu kwenye kitabu chenu na kwenye mambo yenu yote. Tuwe kijiji tu."

"Mzee wangu," Njagi alisema, na sauti yake haikuwa na utani tena. "Mimi mwenyewe shahada yangu ni juu ya Nthamiri. Ukiiondoa Nthamiri, kwa Profesa kinabaki nini?"

"Hilo si sisi tuliolileta," Riungu alijibu.

Nkirote alihisi hasira ikimpanda, na hakujua ni ya nani. "Mbona hamkumwambia mwenyewe alipokuwa hai?"

"Tulikwenda Kiirua. Tukarudi tena. Getini tuliambiwa mzee amelala." Riungu aliigeuzageuza kofia mkononi. "Mtu hampiti mwenye nyumba getini."

Nkirote alitazama ukutani. Jiwe alikuwa ameonyeshwa jana yake, na alilisoma hadi akalikariri. Chini ya jina la baba yake paliandikwa: Mwasisi wa Mfano wa Nthamiri. Yalikuwa yamechongwa pamoja, jina la mtu na jina la kijiji, na hakuna patasi ambayo ingeondoa moja ikaacha lingine zima.

"Kitambaa kisivutwe," alisema.

"Madam Nkirote, tafadhali."

"Nimefungua, nimejibu. Jina lao litoke, Daktari. Kama jiwe litabaki tupu, basi libaki tupu."

Minong'ono ilijaa ukumbini. Mgeni wa kaunti alikuwa ameshasimama, akiitafuta simu yake. Riungu alitikisa kichwa kukubali, bila furaha, kama mtu aliyepewa alichoomba na sasa anauona uzito wake. Alichukua vijiti, akawagawia wenzake, kisha akampa Njagi kimoja. Njagi alikishika bila kujua aanzie upande gani.

Nkirote alitoka nje kwenye baraza. Hotuba ilikuwa bado mkobani. Simu ikalia.

"Wamelifunua?" mama aliuliza. Kuku walisikika nyuma yake, na geti likigonga.

"Bado, mama."

"Wanangoja nini watu hawa? Nimemwita hata jirani aje aione picha."

Uchungu wa miraa ulikuwa bado ulimini.

"Mama, watu wa Laare walipokuja nyumbani, uliwaambia nini?"

Kuku waliendelea kulia. Geti likagonga tena. "Ni upepo," Celina alisema.