Tuta la Nyumbani

Kila mkulima wa bonde la Vingunguti ana tuta la nyumbani, na hakuna anayelitaja. Hilo halipigwi dawa. Mchicha wake umedumaa, una matundu, na ndio anaokula mwenye bustani na wanawe. Matuta mengine yanapigwa dawa mpaka majani yanang'aa, maana mteja wa Dar hataki jani lililotobolewa na mdudu. Atakupita amekunja uso.

Tusajigwe, au Mama Lusungu kama alivyozoeleka, naye alikuwa hivyo hivyo. Mtaa ulimsifu. Kabla yake mboga zilifuatwa sokoni, zikafika zimenyauka. Sasa akina mama walishuka bondeni, wakachuma wenyewe na kumwombea dua. Dua zile alizipenda sana. Akishapiga dawa alitakiwa kungoja wiki mbili kabla mboga haijachumwa. Alingoja siku mbili tatu, akajiambia kwamba mboga ikishaoshwa na kupikwa haina neno.

Kisha Editha, mke wa mwanawe, akapata ujauzito. Kliniki wakasema damu iko chini, ale mboga za majani kwa wingi. Mjukuu wa kwanza huyo. Tusajigwe akamwonyesha tuta la nyumbani, akamwambia asiguse jingine. Sababu hakusema. Angeanzia wapi?

Marietha, jirani wa mlango wa pili, aliyaona yale majani yenye matundu kwenye sufuria ya Editha, roho ikamuuma. Akajisemea mama wakwe ndivyo walivyo, kizuri wanauza, mke wa mtoto analishwa makapi. Basi asubuhi moja, Tusajigwe akiwa amekwenda kutafuta mbolea, Marietha alishuka bondeni akachuma mchicha mzuri kuliko wote, kwenye tuta lililopigwa dawa jana yake jioni. Akampikia Editha kwa nazi, akamsimamia mpaka akamaliza sahani.

Mchana, Tusajigwe aliporudi, Editha alikuwa anatapika, anatetemeka, mate yanamtoka bila kukoma. Wakamkimbiza hospitali kwa bajaji. Daktari akauliza amekula nini.

"Mchicha tu," alisema Marietha. "Nimeuchuma mwenyewe kwa huyu mama. Ule msafi, tunaokula sie wote."

Daktari akamgeukia Tusajigwe. Huyu alijua kwamba akifungua mdomo, bustani imekwisha na jina lake limekwisha. Aliwaza hayo huku mkwewe anahangaika kitandani, na hiyo aibu hataisahau.

"Una dawa," akasema. "Niliupiga jana jioni." Akaitaja dawa yenyewe. Kitanda kikasukumwa ndani, mlango ukafungwa.

Wakabaki wawili kwenye benchi. Marietha alikuwa analia. "Ningejuaje, Mama Lusungu? Mie nilidhani unamnyima."

Baadaye muuguzi akatoka, akasema mama amepata nafuu, lakini moyo wa mtoto hawausikii.

Tusajigwe alinyoosha mkono, akamshika Marietha, kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kumshika. Marietha alimwacha amshike kidogo. Halafu machozi yakamkauka, akautoa mkono wake.

"Wanangu wanakulaga huo kila siku," alisema. "Na ulikuwa unajua."