Kiti Kwenye Mibuni

Tangu apigwe kiharusi, Yunus alitakiwa kutembea kila siku ili mguu wake wa kushoto upate nguvu tena. Mkewe, Ashura, alimbembeleza miezi mitatu mpaka akachoka. Yunus alishinda sebuleni kwao Kibeta, redio mapajani, na kila akiambiwa anyanyuke alijibu, "Kesho, Mama Safina."

Asubuhi moja, Yunus akiwa bado amelala, Ashura alibeba kiti chake na redio akavipeleka mwisho wa kibanja chao cha migomba, kwenye mibuni. Akafyeka majani njiani, akafunga kamba kutoka mgomba hadi mgomba ili mumewe apate pa kushika. Kisha akarudi jikoni kumenya ndizi, mgongo ukimuuma.

"Kiti changu kiko wapi?" Yunus aliuliza alipoamka.

"Kwenye mibuni, pamoja na redio."

"Unanifukuza nyumbani kwangu?"

"Nimechoka kukuomba, Baba Safina. Sitakuomba tena."

Yunus alinuna asubuhi yote. Ilipokaribia saa saba, wakati wa taarifa ya habari, alitoka akashika kamba. Ashura alimwona kupitia dirisha akiburuta mguu, akipumzika kila mgomba. Alitamani kumkimbilia, lakini hakuwa na nguvu hata ya kusimama.

Baada ya muda mrefu redio ikasikika kule kwenye mibuni. Ashura alijinyoosha mkekani, na kwa mara ya kwanza tangu mumewe augue, akalala mchana.