Ghali Wangu

Wivu wa mwanamume, jamani, hauna maficho. Ukiuzuia mdomoni, utatokea puani. Wa fundi mitambo huyu uliingilia masikioni, maana kazi yake ilikuwa kusikiliza.

Alikaa studio, upande huu wa kioo, hedfoni kichwani. Upande wa pili, mbele ya maiki, walisimama watia sauti, wale wanaosema Kiswahili badala ya waigizaji wa filamu za Kiingereza. Na maneno waliyoyasoma alikuwa ameyatafsiri nani? Mkewe fundi. Fundi mwenyewe ndiye aliyemwombea kazi kwa Madamu, mwenye studio. Madamu akasema sawa, filamu hii iwe ya majaribio, mama akiiweza ataajiriwa. Mke alifurahi mpaka akashindwa kula siku hiyo. Kwa miaka alikuwa akiitaka kazi ya kichwa chake, si ya kupiga pasi nguo za watu. Ungedhani mume naye angelala usingizi wa amani. Thubutu!

Kilichomkosesha usingizi ni neno moja la Kiingereza: dia, linaloandikwa "dear". Filamu nzima ilijaa dia. Bibi kizee anavunja sahani, anasema oh dia. Mwanamke anashika gauni dukani, anasema ni dia mno, yaani bei imemshinda. Benki inamwandikia mteja wake, nayo inaanza na dia, ingawa inataka kumchukulia nyumba. Mke wa fundi alilifuata neno hilo kila lilikojificha. Kwa bibi aliandika "Maskini mimi!" Kwa gauni akaandika "Ghali hilo." Kwa benki, "Ndugu mteja." Mpaka hapo fundi hakuwa na kinyongo, tena alitamba kwa wenzake kwamba mke wake kichwa kinachemka.

Shida ilikuwa yule mpenzi wa kwenye filamu. Huyo naye dia haikumwisha mdomoni, na kila akiisema, mke wa fundi alimpa neno jipya. Mara laazizi. Mara muhibu. Mara nyonda, mara mboni ya jicho langu. Na wa kuyatamka alikuwa kijana mmoja waliyemwita Asali, kwa ajili ya sauti yake. Kijana akisema "laazizi" kwenye maiki, laazizi hiyo ilitua moja kwa moja katika masikio ya mwenye mke.

Na nyumbani je? Nyumbani fundi aliitwa "we". We, umefunga mlango? We, gesi imeisha. Siku ya heshima sana, "baba watoto". Hata mume wa kwenye filamu, mzee wa watu, alipoitwa dia na mkewe, tafsiri ilikuwa "mume wangu" kavu kabisa. Fundi aliliona hilo na roho ikamuuma vibaya.

"Maneno yote haya unayatoa wapi?" alimuuliza mkewe jioni moja, alipomkuta anakunja shuka.

"Yapo."

"Yapo wapi?"

"Yapo tu. We si unayasikia kila siku?" Mke akasimama na shuka mkononi, akamtazama usoni kama mtu anayesubiri kitu. Fundi akasonya, akageukia ukutani. Alishaamua mwenyewe kwamba hilo ni jibu la mtu mwenye siri.

Kesho yake wakati wa mapumziko aliwaona kupitia kioo, mkewe na Asali, wanacheka. Mkewe alicheka mpaka akashika ukuta. Fundi hakukumbuka lini alimchekesha hivyo. Maiki ilikuwa imezimwa, kwa hiyo aliona midomo tu, na midomo ya watu wanaocheka bila sauti inakera, we acha. Akaiwasha upesi. Alichowahi ni mkia wa maneno, mkewe akisema, "Lakini shemeji yangu, usimwambie. Mwache asikie mwenyewe."

Ah! Hapo mtu anahitaji ushahidi gani tena? Tangu saa hiyo fundi alitaka jambo moja tu: mkewe atoke studio ile, arudi kwenye pasi zake, mbali na yule mwenye sauti.

Siku ya kurekodi mwisho wa filamu, Madamu alikuja kukaa kando ya fundi asikilize. Mpenzi anamuaga mwanamke wake kituo cha treni. Asali, mke wa fundi kando yake na mswada mkononi, akasogea kwenye maiki, akavuta pumzi, akasema kwa sauti iliyokatika katikati, "Usiende, ghali wangu."

Fundi akabonyeza kitufe. "Simama! Madamu, hii ni tafsiri mbovu."

"Kwa nini?"

"Dia ya hapa si ya bei! Ghali ni nyanya. Ghali ni kodi ya nyumba. Mtu haitwi ghali. Hata mtoto wa darasa la tatu hakosei hivi."

Maiki yake ilikuwa wazi, na kila mtu ndani alisikia. Asali akafungua mdomo, mke wa fundi akamgusa mkono anyamaze. Madamu akamgeukia mama. "Umekosea au umekusudia?"

"Nimekusudia. Kuna mtu aliitwa hivyo, Madamu. Na alikubali."

Fundi akacheka kicheko cha dharau. "Mjinga gani huyo wa kumwita mwanamke ghali?"

Mkewe alimtazama kupitia kioo. Halafu akaukunja mswada wake. "Basi nimekosea," alisema.

Madamu akashusha pumzi. "Mama, kazi yako niliipenda. Lakini mumeo mwenyewe anasema hujui, mimi nitasimamia wapi? Filamu ijayo nitampa mwingine." Mama akashukuru, akachukua mkoba wake, akatoka.

Asali alikuja mpaka kwenye mitambo, na sauti yake haikuwa na asali hata tone. "Kaka, kweli hukumbuki? Ameniambia alitongozwa na kijana mmoja asiyejua Kiingereza. Kijana anataka kusema mai dia, kapekua kamusi, kaokota maana isiyo yake. Kamwambia, wewe ni ghali wangu. Shemeji akacheka mpaka akakaa chini, na kabla hajanyamaza alishamkubali. Laazizi, nyonda, yote ni ya kijana huyo. Shemeji alisema aliacha kuyasikia zamani, sasa anayarudisha kidogo kidogo, labda mwenyewe atayatambua."

Fundi akakumbuka. Ngazi za chuo cha ufundi, shati la kuazima, kamusi isiyo na jalada. Laazizi alimwambia akiwa mgonjwa. Nyonda, siku ya kuzaliwa mtoto wa kwanza. Wiki zote hizo alikuwa akijionea wivu yeye mwenyewe, na amemponza mke wa watu. Mke wake!

"Fundi," Madamu aliita, "futa pale. Asali aseme 'mpenzi', tuondoke."

Fundi alirudisha nyuma, akasikiliza. Usiende, ghali wangu. Akarudisha tena.

"Fundi!"

Akafuta.

Alipofika nyumbani, mkewe alikuwa amesimama mezani, anapiga pasi nguo za jirani. Fundi alibaki mlangoni. Alitafuta pole, alitafuta nisamehe, yote yakaonekana madogo.

"Ghali wangu," alisema.

Mkewe hakuinua kichwa. Aligeuza shati, akalaza kola, akaipitisha pasi juu yake polepole.

"Ghali ni nyanya," alisema. "Ghali ni kodi ya nyumba. We, funga mlango."