Ulimi wa Mizani

Mshonaji aliolewa katika nyumba ile miaka sita iliyopita, na kwa miaka yote sita mama mkwe wake hakuwahi kusema chakula chake ni kitamu. Si kwamba bibi yule alikuwa na roho mbaya. Alikuwa mpishi mkuu wa kantini ya kiwanda cha sabuni, watu mia tatu kila mchana, na wafanyakazi walimbandika jina la Mizani kwa sababu ulimi wake haukukosea punje ya chumvi. Jioni akifika mlangoni, hata viatu hajavua, alishatangaza kwamba maharage yameungwa kabla kitunguu hakijaiva. Na kweli yalikuwa yameungwa kabla kitunguu hakijaiva, jambo ambalo lilimuudhi Mshonaji kuliko yote. Alikuwa akiomba radhi, wanakula, yanakwisha.

Kisha mafua yakamwangusha Mizani. Hayakuwa mafua ya kupenga kamasi na kuendelea na shughuli. Yalikuja na homa, maumivu ya viungo na kikohozi cha kuvunja mbavu. Mwanawe alikuwa kazini kutwa, kwa hiyo mzigo ukawa wa mkewe. Mshonaji akaiacha cherehani, sare za shule zikakaa bila vifungo, akashika sufuria. Asubuhi uji mwepesi, mchana supu ya kuku yenye tangawizi na kitunguu saumu, na katikati maji ya moto ya limau. Mgonjwa alikunywa kila kitu kimyakimya, na Mshonaji akadhani hana nguvu za kulalamika.

Siku ya tisa homa ilikuwa imekwisha, pua imefunguka, na Jumatatu Mizani alitarajiwa kantini. Mchana ule alimaliza bakuli, akafuta mdomo, akasema, "Supu tamu, mwanangu. Mungu akubariki mikono."

Mshonaji alitoka chumbani akitabasamu peke yake kama mwehu. Jikoni akajichotea iliyobaki, naye aonje huo utamu alioungojea miaka sita. Akameza. Akachota tena. Supu haikuwa na chumvi hata chembe. Ndipo akakumbuka: alikuwa anafungua kopo la chumvi pale mteja alipobisha hodi kudai sketi yake, na kopo likarudi kwenye rafu vilevile.

Damu ikamchemka. Kumbe anakejeliwa! Siku tisa za kumwogesha, kumkanda mgongo na kufua mashuka, halafu shukrani yake ndiyo hiyo. Akarudi chumbani maneno yamemjaa mdomoni, na safari hii alikuwa tayari kuyatoa yote, liwalo na liwe.

Mlango ulikuwa wazi nusu. Mizani alikuwa ameketi kitandani na kipande cha tangawizi mbichi mkononi. Alikinusa. Akakikwaruza kwa ukucha, akakinusa tena. Kisha akakitia mdomoni na kukitafuna polepole, bila kukunja uso, kama mtu anayetafuna karatasi. Mshonaji alipoona vile, hasira yote ikamwisha.

"Ingia," Mizani alisema. "Ile supu ilikuwaje?"

"Haikuwa na chumvi, mama."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Mizani akaeleza kwamba tangu siku ya pili hasikii harufu wala ladha. Alijua ni mafua, yakiondoka vitarudi. Mafua yalikuwa yameondoka. Alimsihi Mshonaji asimwambie mtu, hata mumewe, kwa kuwa kiwandani wakijua, nani atamwachia watu mia tatu mpishi asiyesikia ladha?

Akatupa blanketi, akajikongoja hadi jikoni. Alidai mkono wake haukuugua, mkono unakumbuka. Akaipasha supu iliyobaki, akamimina chumvi kiganjani, akaitazama, akapunguza kidogo, akaitia. Akakoroga, akachota, akapuliza, akamnyooshea Mshonaji kijiko.

"Onja. Na usinionee haya."

Mshonaji akaonja. Mizani alishika ukingo wa meza akimchungulia usoni, na Mshonaji aliijua hali ile, maana ndivyo alivyokuwa akikaa yeye mezani kila jioni. Angeweza kusema imekaa sawasawa. Alitamani sana kusema hivyo. Lakini Jumatatu ilikuwa keshokutwa, na wale watu mia tatu wasingemficha.

"Imezidi, mama," alisema, na ikamuuma kuliko siku zote alizoambiwa yeye.

Mizani akaitikia kwa kichwa. Akauliza kwa sauti ndogo, "Imezidi kiasi gani?"

Mshonaji akachota tena, akaonja. Miaka sita katika jiko lile hakuna aliyemfundisha kupima. Alichojifunza ni kuomba radhi tu.

"Nisamehe, mama," akasema.

Ndipo Mizani akajifunika uso kwa viganja vyake vyenye chumvi, akalia.