Pikipiki ya Kukokota

Tangu anunue pikipiki, Mihayo alikuwa hatembei hata kwenda kwa jirani. Mtu aliyekuwa akiswaga ng'ombe kutwa nzima, sasa akaota kitambi, sigara zikaongezeka, kifua kikaanza kumbana. Daktari kule Bariadi hakumung'unya maneno: kolesteroli nzuri, ile inayozoa mafuta mabaya kwenye mishipa, ilikuwa imepungua mno. Aache sigara. Atembee kila siku, mwendo wa kawaida tu, asijitese.

Sigara aliacha. Kutembea ndiko kulikomshinda, tena si kwa miguu bali kwa macho ya watu. Siku ya kwanza tu, kijiji kizima cha Ngulyati kilishaamua kwamba Mihayo amefilisika, pikipiki imeuzwa. Mwenye shamba la pamba, binti yake anakaribia kuposwa, aonekane hohehahe? Aibu ilimkaba.

Basi akabuni lake: akawa anatembea huku anaikokota pikipiki. Nani atasema imeuzwa? Imeishiwa mafuta tu.

"Baba Winnie, daktari alisema utembee," mkewe Nyanjige alilalamika. "Hakusema ukokote chuma. Utaniachia watoto."

"Waambie watu wafunge midomo, nami nitaiacha nyumbani."

Nyanjige alilia kwa hasira. Kichwa cha mume wake kilikuwa kigumu, lakini ndiye aliyekuwa naye.

Asubuhi moja, kwenye mwinuko wa kuelekea shambani, kifua kilimbana kuliko siku zote. Maumivu yakapanda hadi kwenye taya, mkono wa kushoto ukafa ganzi. Mihayo akaegemea tangi la pikipiki, jasho likimtiririka. Aliogopa, aliogopa kweli. Jirani yake Jilala akatokea na pikipiki yake, akasimama, akamwamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, ngosha! Mbona umeloa hivyo? Unaumwa?"

Hapo ndipo pa kusema. Jilala angempakia, wangefika hospitali kabla jua halijakaza. Lakini Jilala huyu huyu ndiye redio ya kijiji. Kufika jioni kila mtu angejua kwamba Mihayo ana moyo mbovu, na kwamba pikipiki ilikuwa nzima siku zote. Akajikaza, akatabasamu.

"Mimi mzima. Pikipiki ndiyo imegoma."

"Pole, ngosha. Usiisukume tena, kaa hapo hapo. Namfuata fundi mjini."

Mihayo alifungua kinywa kumwita arudi, sauti haikutoka. Jilala alishaondoka, tena mbio kweli kweli, maana alimpenda jirani yake.