Chura wa Koo Zito

Nolberto Lefián alijenga ukuta wa mawe na udongo kukinga kijito kilicho nyuma ya nyumba ya dada yake, ili pakauke mkokoteni upite. Mvua ilikuwa ikinyunya tangu alfajiri. Njia ya zamani ilikuwa imezolewa na maporomoko, na kuni za majira ya baridi zilikuwa bado msituni. Asipopitisha mkokoteni hapa, angepita wapi?

Dada yake, Eduvina, alikuwa amemkataza.

"Hapo pana wenyewe," alimwambia jana yake.

"Wenyewe gani, dada? Vyura?"

"Ndiyo, vyura. Unacheka nini? Wewe ukipiga mluzi, hata mbwa wako haji. Wao wakiimba, mimi najua maji ni mazima."

Nolberto alicheka hata hivyo, na asubuhi akaja na sururu.

Maji yalipoanza kukauka chini ya ukuta, aliona kitu kinaelea kwenye kidimbwi kilichobaki. Alidhani ni jani kavu la mti. Jani likageuka, likaonyesha tumbo jeusi lenye madoa meupe. Chura! Alikuwa mdogo kuliko kidole gumba, pua imechongoka kama kijiti, miguu imelegea.

"Nimeshaua," akanong'ona, akamwokota.

Akashangaa kuona moyo umemlemea. Alikuwa ameangusha miti mikubwa maisha yake yote, na hakuna hata mmoja uliomfanya asimame hivi, mvua ikimchuruzika shingoni. Ghafla chura akajipindua, akakaa wima kiganjani, akamkodolea macho. Kumbe alikuwa akijifanya maiti! Lakini koo lake lilikuwa limevimba hadi ubavuni, na ndani yake kulikuwa na vitu vinavyofurukuta.

Nolberto akamfunika kwa kofia, akaenda mbio jikoni, ambako Eduvina alikuwa akikaanga maandazi.

"Dada, huyu ana ugonjwa. Tazama koo."

Eduvina alitazama, akaangua kicheko mpaka akaweka mwiko chini.

"Ugonjwa! Huyo ni baba, we mjinga. Mama hutaga chini ya majani mabichi, akaenda zake. Baba hubaki analinda. Mayai yakianza kutikisika, anayatia kinywani, yanashuka kwenye kifuko cha koo. Wanalelewa humo humo mpaka waote miguu."

"Kooni? Na yeye anakula vipi?"

"Anakula, tena kwa adabu. Ingekuwa wewe, ungeshawameza wote kwa supu."

Nolberto aliinamia kofia. Alimtazama yule baba asiyezidi uzito wa harage, aliyelala chali mbele ya mtu mwenye sururu na watoto wake wamo ndani.

"Mrudishe," Eduvina akasema, sasa kwa upole. "Taratibu."

Walikwenda pamoja. Nolberto alipiga magoti, akaweka kiganja juu ya majani. Chura hakuruka. Alipiga mwayo mkubwa, na kwenye ulimi wake akatokea chura mwingine, mdogo kama punje ya ngano, mwenye pua yake ile ile. Akaruka. Akafuata wa pili, na wa tatu. Eduvina, aliyeishi hapo miaka sitini, hakuwahi kuliona hilo kwa macho yake. Alimshika mdogo wake bega, akalibana.

Nolberto aliubomoa ukuta kwa mikono, jiwe kwa jiwe, asije akamkanyaga mtu.

Ilibaki njia moja tu, kupitia shamba la Ceferino Quilaqueo, ambaye hakuwa amesalimiana naye kwa miaka mitatu kwa ugomvi wa uzio. Nolberto alisimama langoni kwake, kofia mkononi.

"Naomba kupitisha maksai wangu, jirani. Kule kwa dada siwezi. Kuna chura."

Ceferino alimwangalia juu mpaka chini. "Miaka mitatu umepita hapa umenuna kama beberu, leo umeletwa na chura?"

"Amenitia haya, lakini nimekuja."

Ceferino akafungua lango.

"Pita. Ila kesho unipeleke nikamwone. Kama unanidanganya, kuni zote zangu."

Nolberto akawaita maksai wake, Clavel na Lucero. Wakaingia shambani polepole, matope yakiwafika magotini, na Ceferino mwenyewe akishika gurudumu la mkokoteni, akisukuma kwa nyuma.