Boljointi kutoka Kiwanda cha Bunda

Mwaka 1976 lori dogo la kijiji cha Mugeta lilianza kuchechemea. Lilikuwa gari linalosukumwa na magurudumu yote manne, na dereva wake, Felisiani, alilijua kwa sauti. Kila alipokata kona, gurudumu la mbele la kushoto liligonga, na usukani ukamponyoka mkononi. Akalipiga jeki, akalitikisa gurudumu, likacheza kama kigingi kwenye matope. Boljointi ilikuwa imekwisha. Kile kirungu cha chuma kinachoshikilia gurudumu na kuliacha ligeuke kilikuwa kimekila kikombe chake mpaka kikawa kinaogelea humo ndani.

"Bunda yuko fundi Leodgar," aliwaambia wajumbe wa halmashauri ya kijiji. "Anaifungua, anaweka kikombe kingine, anaifunga. Siku mbili tu."

Mwenyekiti, Mzee Burito, hakutaka kusikia. Upande wa kulia walikuwa wameweka mpya msimu uliopita. Ilitoka Musoma ndani ya boksi, na yeye mwenyewe ndiye aliyelifungua boksi hilo mbele ya watu.

"Kijiji kinachosonga mbele hakivai kiraka," alisema. "Nenda Musoma ulete mpya."

Felisiani akaifunga ile mbovu kwenye gazeti, akapanda basi. Huko Musoma alifikia kwa shemeji yake, akala sato siku tisa. Kila asubuhi alikwenda stoo ya vipuri, na kila asubuhi aliambiwa kesho. Siku ya kumi mtunza stoo, bwana mpole aitwaye Stanislausi, aliomba kuiona ile mbovu. Akaigeuzageuza kwa heshima.

"Nyie mna afadhali," alisema. "Sisi hata mbovu hatuna."

"Sasa nitarudi na nini?"

"Kwani si unapita Bunda? Kuna fundi pale, anaitwa Leodgar. Hata sisi za magari yetu tunampelekeaga yeye."

Basi Felisiani akaishia palepale alipotaka kuanzia. Leodgar alikuwa na banda la mabati nyuma ya soko, jiliwa moja la kubania vyuma, na mkewe, Lukresia, aliyevuta mivukuto ya kupulizia moto. Fundi akafungua kifuniko, akakitoa kirungu na kukipangusa.

"Hiki kizima. Kilichokufa ni kikombe. Mtu akiumwa jino habadilishwi kichwa."

Akachonga kikombe kutoka kwenye bushi ya shaba ya pampu kuukuu, akatoboa tundu la kutilia grisi, akakikaza kifuniko kwa moto na nyundo. Mwisho akaipaka rangi nyeusi, si kwa sababu ilihitaji, bali kwa sababu rangi ilikuwepo.

Njia nzima Felisiani alitunga maneno ya kukiri. Hakupata pa kuyasemea. Wajumbe walikuwa wamekusanyika, na Mzee Burito akamnyang'anya lile gazeti na kulifungua mwenyewe. Boljointi ikang'aa.

"Imetoka kiwanda gani?"

"Cha Bunda, Mzee."

Mwenyekiti akawageukia wajumbe taratibu. "Bunda kuna kiwanda. Mlikuwa hamjui?"

Wakasema walikuwa wanajua.

Wiki iliyofuata wenyeviti wa vijiji waliitwa mkutanoni Butiama. Mzee Burito alikaa mbele, kofia mpya kichwani. Walipoipita Kiabakari, kitu kikalia chini yao, lori likapiga goti, likaingia shamba la mtama na kusimama. Hakuumia mtu. Iliyoumia ni kofia.

Felisiani alishuka, akakimbilia upande wa kushoto. Gurudumu lilikuwa limesimama wima. Akazunguka kulia. Huko gurudumu lilikuwa limelala chali, kirungu kimechomoka kikombeni.

Mzee Burito akachuchumaa kando yake. "Hii ndiyo ya Bunda?"

"Hapana, Mzee. Hii ni ile ya boksi."

"Na ile iliyosimama?"

Angeweza kunyamaza. Lakini maneno aliyoyabeba wiki nzima yalitoka yenyewe. "Ndiyo ya Bunda. Ila Bunda hakuna kiwanda. Ni ileile mbovu yetu. Leodgar ameitia kikombe."

Mwenyekiti aliikung'uta kofia yake. Kisha akaondoka kwa miguu kwenda Butiama. Felisiani akabaki kulinda lori, akiwaza nani atampa kazi ya kuchunga ng'ombe akifukuzwa udereva.

Alasiri Mzee Burito alirudi juu ya trekta, pamoja na wenyeviti wenzake wawili.

"Hawa nao magari yao yanachechemea," alisema. "Nimewaambia habari za kiwanda chetu."

"Umewaambia ni kiwanda, Mzee?"

"Nimewaambia. Sasa kesho twende wakakione, na mimi nikione."

Kesho yake walidandia lori la pamba mpaka Bunda. Nyuma ya soko wale wageni walitazama juu wakitafuta bomba la moshi, wakatazama jiliwa, wakatazamana. Mzee Burito hakutetereka. Alitoa mfukoni ile boljointi ya boksi, iliyokwisha kufunguliwa kwenye lori, akamkabidhi Leodgar.

"Fundi, hii ni mpya. Itengeneze iwe kama ile kuukuu."

"Wafanyakazi wako wangapi?" mgeni mmoja alimuuliza Leodgar.

"Wawili. Na mmoja anataka kwenda kupika."

Kweli Lukresia alikuwa ameshasimama. Alitazama nani yuko karibu, akamwekea mwenyekiti wa Mugeta mivukuto mkononi, akaenda zake jikoni. Mzee Burito akaivua kofia, akaanza kuvukuta.